Epsom Hadi Brighton kwa Mkanda wa Ngozi

Pikipiki iliyotoka kiwandani mwaka 1911 imekosa vitu ambavyo mwendeshaji wa leo hajawahi kuwaza kuwa vinaweza kukosekana. Swichi ya kuwashia haipo. Kiki, mara nyingi, haipo. Nyingi hazina klachi wala giaboksi: injini ikiwaka gurudumu linazunguka, gurudumu likisimama injini nayo imezima. Hakuna pampu ya kusukuma oili yenyewe, hakuna shokamzoba nyuma, na breki ya mbele ni vipande viwili vya kubana rimu, vile vile vya baiskeli, ila sasa vinatakiwa kusimamisha chombo chenye injini. Taa, ikiwepo, ni ya kabaidi. Maji yanadondokea kabaidi, gesi inapanda, unawasha kwa kiberiti.

Mashine za namna hiyo, kwa mamia, hukusanyika Jumapili moja ya mwezi Machi kwenye uwanda wa Epsom Downs, kusini mwa London, pale ambapo farasi wamekuwa wakishindania Derby tangu mwaka 1780. Kunakuwa na baridi, mara nyingi na ukungu, na wenye mashine wengi wao ni watu wazima wenye mvi. Kutoka hapo huteremka hadi mji wa Brighton, ufukweni, mwendo wa karibu kilomita 70. Safari hii inaitwa Pioneer Run. Huandaliwa na Sunbeam Motor Cycle Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1924, na ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1930. Miaka ya vita na ya korona ilisimama. Ilipopita, watu wakarudi barabarani. Sharti la kuingia ni kwamba mashine iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1915.

Hebu tulitazame sharti hilo kwa macho ya mwaka 1930. Wakati ule mashine hizi hazikuwa mambo ya kale. Zilikuwa na umri wa miaka 16, 20 au 25 hivi, chakavu, za bei ya kutupa. Ni sawa na mtu atangaze leo, pale Morogoro au Nakuru, siku ya heshima kwa Boxer za mwaka 2008, zile ambazo mafundi wanazichinja kwa ajili ya spea. Wenye magari walikuwa wameshaanza: mwaka 1927 walirudia kwa kumbukumbu safari ya Novemba 1896, siku wenye magari waliposherehekea sheria mpya iliyowaruhusu kwenda kasi ya maili 14 kwa saa, nao wakaelekea Brighton. Watu wa pikipiki wakafuata miaka mitatu baadaye. Nawastahi waliolifikiria jambo hilo mapema kiasi hicho, kabla vyuma vyote havijaingia tanurini.

Lakini vyuma peke yake vingeweza kuwekwa makumbusho. Wengi huja kuzitazama pikipiki hizi kwa ajili ya mng'aro wake: tangi lenye mistari ya dhahabu, shaba iliyosuguliwa, taa kubwa kama zipo. Mimi huitazama mikono ya mwendeshaji. Kazi zote ambazo leo zinafanywa na vifaa vilivyofichwa ndani ya injini, kwenye mashine hizi zinafanywa na mtu aliyekaa juu yake, na zinafanywa kwa pamoja, huku anaendesha. Yeye ndiye pampu ya oili. Yeye ndiye anayeamua cheche ipige lini. Yeye ndiye anayepima hewa na petroli. Ujuzi huo hauandikiki wote kwenye kitabu cha maelekezo, na njia pekee ya kuuweka hai ni kuitoa mashine nje na kwenda nayo mahali.

Kabla ya hapo kuna kazi ya watu wa klabu ambao huwezi kuwaona siku ya safari. Ni wale wanaothibitisha umri. Mashine ikikubaliwa hupewa cheti, na kukipata si suala la kuapa kwamba babu aliinunua mwaka 1913. Wanatazama namba ya fremu na ya injini, wanatazama umbo la viungio vya fremu, namna uma wa mbele ulivyoshikiliwa, kabureta ni ya toleo gani, kisha wanalinganisha na katalogi na majarida ya wakati huo. Mara nyingi kumbukumbu za kiwanda hazipo. Kiwanda cha Triumph kilikuwa Coventry, na Coventry iliteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Hapo inabaki kusoma chuma chenyewe. Na chuma hudanganya: fremu ya mwaka 1912 inaweza kubeba injini ya 1919, kwa sababu mwenye mali wa wakati ule alikuwa na shida ya kufika kazini, hakuwa na shida ya historia.

Sasa tuje kwenye kuiwasha. Tuchukue Triumph ya silinda moja, isiyo na klachi, maana ndiyo inayomwonyesha mtu vizuri.

Usiku wa baridi oili imeganda kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Mwenye nayo anafungua kikombe kidogo kilicho juu ya silinda, anamimina petroli kidogo ndani, anaisukuma mashine mbele na nyuma mpaka pistoni ianze kuteleza. Anafungua bomba la tangi. Kwenye kabureta kuna kijiti kidogo. Anakibonyeza mara kadhaa ili boya la ndani lizame, petroli ijae mpaka itoke tone moja nje. Tone moja linatosha. Yakiwa matatu atalowesha plagi na atakuwa na asubuhi ndefu. Anavuta kishikio cha pampu iliyo kwenye tangi na kusukuma oili mara moja kwenda kwenye injini. Anarudisha nyuma wenzo wa cheche. Anaziba hewa karibu yote, anafungua petroli kidogo. Kisha mkono wa kushoto unabana wenzo mwingine, ambao ndio siri ya mambo yote: unainua valvu ya ekzosi na kuiacha wazi, ili silinda isibane hewa na mashine isukumike kwa urahisi.

Halafu anakimbia. Hatua nne, tano, sita, ameshika usukani, mzee wa miaka 70 na kofia yake ya ngozi, na pikipiki inakimbia pembeni yake ikipumua bila kuwaka. Anauachia ule wenzo. Valvu inajifunga, silinda inabana, inalipuka mara moja, inasita, inalipuka tena. Sasa mashine inataka kuondoka, na yeye bado yuko chini. Kati ya mlipuko wa pili na wa nne lazima awe ameruka juu ya tandiko, mkono mmoja ukiwa tayari unapunguza petroli na kuongeza hewa. Akichelewa inamburuta. Akiwahi mno, uzito wake unaizima.

Kijana yeyote wa bodaboda aliyewahi kuishiwa betri anajua kusukuma mpaka ishike. Lakini yeye ana klachi: anaibana, anatia gia, anakimbia, anaiachia. Ikishawaka anabana tena na kupumua. Hapa hakuna pa kupumulia. Ikishawaka ni safari. Triumph waliuza pia pikipiki zenye klachi ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma kwa aliyekuwa tayari kuongeza pesa, na ukiwaona waliorithi hizo pale Epsom utawatambua kwa utulivu wao.

Ikiisha kuwaka, mikono haipumziki. Kwenye usukani upande wa kulia kuna vijiti viwili, kimoja cha petroli na kimoja cha hewa. Havina springi ya kuvirudisha. Unapokiacha ndipo kinapobaki, kwa hiyo kuachia resi kwa woga, jambo ambalo mwili wa mwendeshaji wa leo unalifanya wenyewe hatari inapotokea, hakusaidii kitu. Lazima ukirudishe kwa makusudi. Na uwiano wa hewa na petroli si mmoja. Injini ya baridi inataka petroli zaidi. Ikipata moto inataka hewa. Ikipanda kilima inataka kupunguziwa hewa. Hali ya hewa nayo ina lake. Mwendeshaji mzuri hupeleka kijiti cha hewa mbele kidogo kidogo mpaka injini ianze kukohoa, kisha anakirudisha unywele mmoja. Baada ya nusu maili anafanya tena. Ukisimama kando ya barabara na kusikiliza utamjua aliyezoea: mlio wake ni mmoja, mzito, wenye nafasi kati ya pigo na pigo. Anayejifunza, mlio wake unapanda na kushuka kila wakati.

Cheche nayo ina wenzo wake. Petroli haichomeki papo hapo. Inahitaji muda, kwa hiyo cheche hupigwa kabla pistoni haijafika kileleni. Injini ikienda kasi, cheche iwahi zaidi. Ikienda polepole, ichelewe, la sivyo mlipuko unakutana na pistoni inayopanda bado na unasikia injini inagonga. Leo kompyuta ndogo inafanya hesabu hiyo mara maelfu kwa dakika. Kwenye barabara ya Brighton inafanywa kwa sikio. Cheche yenyewe inatoka kwenye magineto, ambayo haihitaji betri: sumaku ya umbo la kiatu cha farasi, na katikati yake waya uliosokotwa unazunguka. Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, ndiye aliyeikamilisha ile ya volti kubwa mwaka 1902, na kufikia 1914 viwanda vya Uingereza vilikuwa vinaitegemea Ujerumani kwa magineto kiasi kwamba vita vilipoanza vilijikuta havina. Pikipiki za Kiingereza zilizo halisi kabisa, zinazopigiwa makofi pale ufukweni, nyingi zinapigwa cheche na Mjerumani.

Mambo ya oili ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, pengine kwa sababu hayana ishara yoyote ya kumwambia mtu kwamba amepatia. Injini za leo zinazungusha oili ile ile. Hizi zinaitumia mara moja: inaingia, inalainisha, inaungua au inamwagika barabarani. Kila baada ya maili kadhaa mwendeshaji anapeleka mkono kwenye tangi na kupiga pampu moja. Kwenye mlima, anaongeza. Akizidisha, plagi inachafuka na injini inakata. Akipunguza, pistoni inang'ang'ania silinda, na gurudumu la nyuma linakaba ghafla kwa sababu limefungwa moja kwa moja na injini. Kipimo ni moshi: anageuza shingo, anatazama nyuma, anataka kuona moshi hafifu wa bluu muda mfupi baada ya kupiga pampu, kisha upotee. Kwa hiyo msafara wa Pioneer Run una mienendo ambayo mpita njia haielewi. Wazee wanageuka kutazama nyuma, si kwa ajili ya magari, bali kutazama moshi wao wenyewe. Enzi zile wengi walipenda mafuta ya nyonyo kwa injini zinazofanya kazi ngumu, na ukikutana leo na mmoja anayeyatumia utamjua kwa harufu kabla hajakufikia.

Barabara kutoka Epsom ina milima miwili mirefu, North Downs mwanzoni na South Downs mwishoni, na katikati ni kupanda na kushuka. Kwa pikipiki ya leo haya ni matuta. Kwa mashine yenye mwendo mmoja tu, inayovutwa na mkanda wa ngozi au wa mpira na turubai wenye umbo la V, kila mwinuko ni hesabu. Unaukaribia kwa kasi yote uliyonayo, maili 25 kwa saa, labda 30. Kasi inaposhuka unachelewesha cheche. Ikizidi kushuka, unapiga pedali, maana nyingi bado zina pedali za baiskeli, na hakuna aibu katika kuzitumia. Ikigoma kabisa, unaruka chini na kukimbia kando yake huku inaendelea kuwaka, ukiipunguzia uzito wako, na unapofika juu unaruka tena. Watazamaji hupenda sana sehemu hii na huwashangilia wanaokimbia kuliko wanaopita kwa raha.

Wahandisi walikuwa wanahangaika na tatizo hilo kila mtu kwa njia yake, na msafara huu ni mahali pazuri pa kuwaona wakibishana. Rudge Multi ina wenzo mrefu pembeni mwa tangi. Ukiusukuma, puli ya mbele inapanuka na ya nyuma inajibana kwa pamoja, mkanda unapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na unapata ngazi zipatazo 20 za mwendo bila gia hata moja yenye meno. Cyril Pullin alishinda mbio za Senior TT za Isle of Man mwaka 1914 juu ya mashine ya aina hiyo. Phelon & Moore wa Yorkshire waliweka cheni mbili, kila moja na uwiano wake, unachagua ipi ivute. Alfred Angas Scott, naye wa Yorkshire, alikwenda njia isiyofanana na ya mtu: injini ya viharusi viwili, silinda mbili, kupozwa kwa maji, gia mbili, na kiki tangu mwaka 1908. Mashine zake zilishinda Senior TT mwaka 1912 na 1913. Scott inapopita katikati ya zile zinazotwanga silinda moja moja, mlio wake wa kulalama unamfanya mtu ageuke akidhani ni kitu cha miaka 40 baadaye. FN ya Ubelgiji ya mwaka 1905 ina silinda nne na inapeleka nguvu nyuma kwa mhimili, bila mkanda wala cheni. Nimewahi kusikia watu wakisema zamani walikuwa hawajui kitu. Wangekaa hapa saa moja.

Kushuka ni kugumu zaidi kuliko kupanda, ingawa hakuna anayeshangilia. Breki ya nyuma ni kipande kinachosukumwa ndani ya mfereji wa puli ya mkanda. Mvua ikinyesha hakishiki, na mkanda nao unateleza. Basi unainua valvu ya ekzosi, unaziba petroli na kufungua hewa yote, injini inavuta hewa baridi tupu na kupoa, huku breki zote mbili zikifanya kidogo kinachowezekana. Na unaacha nafasi kubwa mbele yako, nafasi ambayo dereva wa gari la kawaida aliyetoka nyumbani kununua maziwa anaiona ni mwaliko wa kuchomekea.

Hapo kuna ujuzi mmoja ambao mwenye Triumph wa mwaka 1911 hakuwa nao, na ambao kwangu ndio unaothibitisha kwamba hii si maigizo ya kale. Ni taa za barabarani. Mashine hizi zilitengenezwa kabla Uingereza haijafunga taa za umeme za kuongoza magari. Mashine isiyo na klachi haiwezi kusubiri kwenye taa nyekundu: ikisimama imezima, na kuiwasha ni kukimbia upya katikati ya makutano, basi likiwa nyuma. Kwa hiyo waendeshaji wamejifunza kuzisoma taa kwa mbali. Anaiona ya kijani mita 300 mbele na anajiuliza imekuwa ya kijani kwa muda gani. Anapunguza mapema, anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, mkono wa kushoto ukigusagusa wenzo wa valvu ili injini ipige mara moja na kunyamaza, mara moja na kunyamaza, isife na isikimbie, mpaka taa igeuke. Ndipo anaiachia. Ni ujuzi uliozaliwa baada ya mashine yenyewe kuzeeka, na umetungwa na watu wa klabu hizi, kwa matatizo ya barabara ya leo.

Na anayesimama kumsaidia mwenzake aliyekwama kando ya njia, mkanda umekatika au tyubu imetoboka, anajua gharama yake. Kusimama si kubana breki na kushuka tu. Ni kuizima mashine iliyokuwa inakwenda vizuri, na kukubali kukimbia tena na makoti yote hayo mwilini. Bado husimama. Mfuko wa vifaa unafunguliwa: kulabu za mkanda, kitobozi, kipande cha mkanda wa akiba, plagi, na spana za Whitworth, ambazo namba zake zinataja unene wa bolti na si upana wa nati, kwa mfumo ambao Joseph Whitworth aliupendekeza mwaka 1841. Spana ya milimita haitaingia, na ikiingia itaharibu.

Miezi ya baridi kabla ya Machi ni ya karakana. Mtu anasokota upya waya wa magineto, kwa sababu ile gundi ya kuzuia umeme iliyopakwa miaka mia iliyopita hulainika ikipata joto, na ugonjwa wake unajulikana: injini inawaka vizuri ikiwa baridi, inakwenda maili tano, inakufa, na ikishapoa inawaka tena bila kosa lolote. Mwingine anasubu silinda mpya kwa kutumia ile iliyopasuka kama mfano, akijua kwamba chuma kinapopoa kinasinyaa na lazima akiongezee kipimo tangu kwenye kielelezo cha mbao. Mwingine anakereza pistoni. Mwingine anapanga spoku na kuzikaza moja moja, robo mzunguko, akitazama rimu inavyopita karibu na kipande cha chaki, kwa uvumilivu zaidi ya kawaida, kwani tairi za enzi hizo hazina waya kwenye kingo. Kingo zake zinajipachika ndani ya mkunjo wa rimu na kushikiliwa na upepo tu; upepo ukipungua, tairi inatembea juu ya rimu na kuikata shingo ya tyubu.

Kisha kuna yule wa mistari. Brashi yake ni ndefu na nyembamba, nywele zake zinazidi urefu wa kidole, na rangi inabebwa katika nywele hizo ili mstari usikatike kabla haujazunguka tangi. Hatumii rula. Kidole kidogo kinagusa ukingo wa tangi na kuwa reli. Ukitazama kwa karibu mistari ya mkono ina sehemu iliyonenepa kwa unywele na sehemu iliyokonda, na ndivyo ilivyokuwa kiwandani. Mstari ulionyooka kupita kiasi ni wa stika. Jicho lenye uzoefu hunasa pia kromu: vitu vya kung'aa vya kabla ya 1915 vilipakwa nikeli, yenye rangi ya joto kidogo, ya manjano kwa mbali, ilhali kromu ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920. Usukani wenye kromu juu ya mashine ya 1912 unazungumza kwa sauti kubwa kuliko mwenye nayo.

Kwa miaka mingi mwisho wa safari ulikuwa Madeira Drive, barabara ya Brighton iliyo kando ya bahari, ambako mbio za kasi zilianza mwaka 1905. Safari ikiisha mashine hupangwa kwa safu, zimechafuka, zikitoa mvuke, na watu huanza kupita katikati yake. Hapa ndipo safari inapogeuka maonyesho, na ndipo mgogoro wa zamani wa watu hawa unapofufuka bila kusemwa. Upande mmoja kuna mashine iliyofumuliwa hadi skrubu ya mwisho na kurudishwa ikiwa mpya kuliko ilivyotoka kiwandani. Pembeni yake kuna iliyoachwa na rangi yake ya kwanza, imebanduka, tangi lina mbonyeo, mpini wa pampu ya oili umelika mahali ambapo gumba la mtu fulani lilikaa kwa miaka. Umati huenda kwa ile inayong'aa. Mafundi huinama kwenye ile nyingine.

Mimi niko na mafundi, ila kwa sharti. Kuna wanaoiabudu kutu kiasi kwamba hawaiendeshi tena, wanaihifadhi kwenye chumba kikavu na kuileta kwenye maonyesho juu ya trela. Kwao naona hasara ni ile ile ya makumbusho. Na kuna waliotumia fedha nyingi kuirudisha upya ambao huitoa kwenye mvua ya Machi bila kusita, matope mpaka kwenye tandiko, na wanapofika wanaifuta plagi tu. Ningepewa kombe moja la kutoa pale ufukweni, nisingetazama rangi kabisa. Ningeomba kila mwendeshaji anionyeshe viganja vyake na sehemu ya chini ya mguu wa kulia wa suruali yake, nione oili imefika wapi.

Alasiri wengi hupakia mashine zao kwenye magari ya mizigo yaliyokuja kuwapokea, na hawana kosa, miili imechoka. Wapo wanaorudi kwa magurudumu yao. Hao wanaanza na mlima, maana South Downs sasa iko mbele yao, na mkanda umelegea kwa safari ya kuja. Utawakuta nje ya mgahawa wakikata kipande kidogo cha mkanda, wakitoboa tundu jipya na kuifunga kulabu, huku chai inapoa juu ya tandiko na mtu mwingine, asiyejuana nao, amewashikia gurudumu.